Mkojo unaopanda figoni: niliyoyajua kwenye meza ya eksirei

Karatasi ya rufaa inapofika kwangu mara nyingi ina mistari miwili tu. Umri wa mtoto, kisha "UTI, kuangalia kama mkojo unarudi nyuma." UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari mwingine huongeza alama ya kuuliza, mwingine haoni haja. Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika hospitali ya rufaa hapa Tanzania. Kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu imekuwa kupiga ile picha ambayo kina mama wanaiogopa kuliko sindano: mpira mwembamba unapitishwa kwenye njia ya mkojo ya mtoto, kibofu kinajazwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, halafu tunasubiri akojoe huku mashine inatazama. Picha hiyo ndiyo inayosema kama mkojo unashuka kwenda nje peke yake, au sehemu yake inapanda tena kuelekea figoni.

Wazazi wananiita daktari. Nimeacha kuwasahihisha, maana nikianza kueleza tofauti kati yangu na daktari bingwa wa radiolojia, mtoto analia na foleni inaongezeka. Lakini kukaa chumba hiki kuna faida yake. Ninaona karatasi kabla ya picha, naiona picha, na mara nyingi namwona mtoto yuleyule mwaka unaofuata. Mtu akikaa hivyo muda mrefu anaanza kubashiri. Unasoma karatasi, unamtazama mtoto, unajisemea moyoni: huyu tutakuta kitu. Au: huyu kaletwa bure, masikini.

Bashiri zangu si za uganga. Zina vitu vya kushika, na karibu vyote mzazi au tabibu wa kituo cha afya anaweza kuviona kabla mtoto hajapanda basi kuja kwetu.

Kwanza mwili wenyewe. Figo mbili huteremsha mkojo kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu. Mrija hauingii kibofuni moja kwa moja. Hupita kimshazari ndani ya ukuta wa kibofu, kisha ndipo hufunguka. Kibofu kikijaa, na zaidi kikibana ili kukojoa, ukuta huo huukandamiza mrija na njia ya kurudi juu inafungika. Kuna watoto wanaozaliwa na kipande hicho cha mshazari kikiwa kifupi. Kibofu kikibana, mkojo unapata upenyo, unapanda. Mtoto anavyokua kipande hicho hurefuka, na ndiyo maana wengi wao hupona bila kuguswa na kisu. Mkojo safi ukipanda kwa kawaida hauna madhara makubwa. Ukipanda na bakteria, maambukizi yanafika figoni, na figo ikipata kovu, kovu halifutiki. Makovu mengi huleta shinikizo la damu baadaye, na kwa wachache figo kushindwa kazi.

Tunapanga ukubwa wa tatizo kwa madaraja matano, kwa utaratibu wa kimataifa uliokubaliwa miaka ya 1980. Daraja la 1, mkojo unaingia kwenye mrija lakini haufiki figoni. La 2, unafika, ila hakuna kilichotanuka. Kuanzia la 3 mrija na chemba za figo zimeanza kupanuka, la 4 zimepanuka waziwazi, na la 5 mrija umevimba na kujipindapinda kiasi kwamba hata baba aliyesimama nyuma ya kioo, ambaye hajawahi kusoma picha maishani, anauliza, "Hiyo ndiyo nini?"

Ukichukua watoto waliopata UTI yenye homa kwa mara ya kwanza na ukawapiga picha wote, kama theluthi yao utakuta mkojo unarudi. Namba hiyo inatisha hadi uongeze kwamba wengi wako daraja la 1 hadi la 3, na kwamba daraja la 1 na la 2 kwa sehemu kubwa huisha zenyewe ndani ya miaka michache. Wa daraja la 4 na la 5 ni wachache. Kwa hiyo karatasi inayouliza "je, mkojo unarudi?" imeuliza nusu ya swali. Mimi ningependa kumtambua mtoto ambaye unarudi kwa nguvu ya kuharibu figo, nimpate mapema, na wale wengine waachwe walale kwa mama zao.

Mtu anaweza kusema: basi pigeni picha kila mtoto, tuwe na uhakika. Anayesema hivyo hajawahi kukaa chumbani kwangu asubuhi nzima.

Kibofu cha mtoto tunakijaza kwa hesabu. Aliyezidi mwaka, tunachukua umri wake kwa miaka, tunaongeza mbili, tunazidisha kwa 30. Wa miaka mitatu anachukua kama mililita 150. Kwa mchanga tunatumia uzito, mililita 7 kwa kila kilo. Dawa inashuka taratibu kutoka kwenye chupa iliyotundikwa, haisukumwi. Kisha tunangoja. Mchanga hasumbui, anakojoa akitaka. Kwa huyo mara nyingi tunaacha mpira pale pale na kujaza tena mara ya pili, kwa sababu mkojo unaweza usirudi safari ya kwanza ukarudi ya pili. Kazi iko kwa mtoto wa miaka minne. Nyumbani amefundishwa kwa ukali kwamba kukojoa kitandani ni aibu, leo watu wazima watatu waliovaa aproni za risasi wanamwambia akojoe akiwa amelala. Anagoma. Tunafungulia bomba la maji lichuruzike, mama anamshika mkono, "Kojoa tu mwanangu, hapa ruhusa," naye anamtazama mama yake kama mtu anayewekewa mtego.

Baada ya hapo atasikia maumivu akikojoa kwa siku moja au mbili. Mara chache mpira wenyewe unaingiza maambukizi, kwa hiyo hatumpigi picha mtoto ambaye UTI yake haijatibiwa. Mionzi ni kidogo kwenye mashine za kisasa lakini ipo, na inapita karibu na ovari za msichana. Ongeza nauli, kulala kwa ndugu mjini, na bima ambayo huenda haikubali. Sipingi picha, ndiyo kazi inayonilisha. Nasema ina gharama, na kitu chenye gharama kinahitaji sababu.

Sababu ya kwanza iwe UTI ya kweli. Hapa ndipo ninapochoka.

Kwetu homa ilikuwa malaria kwa miaka mingi, hadi kipimo cha haraka kilipoenea na kuanza kusema hapana mara nyingi kuliko tulivyozoea. Watu wakahitaji jina lingine la homa, na majina yaliyokuwa karibu ni mawili: taifodi na UTI. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, ukachapishwa 2014, ulichunguza watoto 1,005 wenye homa waliokuja kliniki za nje. Malaria ilikuwa asilimia 10.5, UTI asilimia 5.9, taifodi asilimia 3.7. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi yalikuwa ya virusi. Ukitazama namba hizo halafu ukafungua daftari la mtoto anayeletwa kwangu, ambalo kila homa ya mwaka mzima imeandikwa UTI na kila UTI imepewa sindano, unajua kuna kitu hakilingani. Mama anasema, "Mwanangu ana UTI sugu." Ninatafuta ukurasa ulioandikwa matokeo ya kuotesha mkojo, yaani kuuweka maabara hadi bakteria wakue na kutambuliwa. Haupo. Kuna "chembe chache za usaha" tu, kutoka kwenye mkojo uliochukuliwa kwa kimfuko cha plastiki kilichobandikwa sehemu za siri.

Kimfuko hicho kina matumizi yake: mkojo wake ukitoka safi, unaweza kuamini kwamba ni safi. Ukitoka mchafu, huwezi kujua uchafu ni wa kibofu au wa ngozi na pampasi. Kijiti cha kupimia nacho kina ujanja. Sehemu inayoonyesha naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria kwenye mkojo, inahitaji bakteria wakae na mkojo kibofuni saa kadhaa ndipo ibadilike rangi, na mtoto mchanga anakojoa kila mara. Kwake kijiti kinaweza kusema hapana wakati jibu ni ndiyo. Mkojo wa kuaminika kwa mdogo asiyeweza kuagizwa ni ule unaotolewa kwa mpira, au unaovutwa kwa sindano kutoka kibofuni, au unaodakwa katikati unapotoka.

Hilo la kudaka lilikuwa kichekesho wodini kwetu hadi lilipozoeleka. Mwaka 2013 madaktari wa Hispania waliandika namna yao kwa watoto wachanga: mnyonyeshe, subiri kama dakika 25, msafishe, mtu mmoja amshike kwapani miguu ikining'inia, mwingine agonge kwa vidole polepole chini ya kitovu, juu kidogo ya mfupa wa kinena, kwa nusu dakika, kisha amsugue mgongo chini pande zote mbili za uti kwa nusu dakika nyingine, na kurudia. Nesi wetu wa wodi ya watoto aliwafundisha kina mama. Bibi mmoja aliyekuwa akiangalia alicheka, akasema wao walikuwa wanafanya hivyo hivyo kumkojolesha mtoto kabla ya kumfunga mgongoni, hakujua kama ni kipimo. Nesi alilowa gauni zaidi ya mara moja. Lakini mikojo ikaanza kufika maabara ikiwa safi, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, na majibu ya kuotesha yakaanza kuwa na maana.

Yakishakuwa na maana, yanabashiri. UTI nyingi za watoto husababishwa na bakteria aitwaye E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo. Maabara ikiandika jina jingine, kama Pseudomonas, Proteus, Klebsiella au Enterococcus, mimi hukaa sawa kwenye kiti. Bakteria hao mara nyingi huhitaji njia yenye kasoro ili washike. Mtu yeyote anayetaka kujua kama mtoto wake anahitaji picha yangu angeanza kwa kuuliza jina la bakteria, na ni swali ambalo karibu hakuna mzazi anayeuliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba bakteria huwa na jina.

Kitu cha pili ni homa yenyewe. Nyuzi 39 na kuendelea, mtoto amelegea, anatapika, na kipimo cha damu cha CRP, kinachopanda mwili ukipambana na maambukizi, kiko juu sana: hiyo inaashiria kwamba maambukizi yameshapita kibofu na kufika figoni. Msichana wa miaka mitano anayelalamika kwamba anaungua akikojoa lakini hana homa, anakula, anacheza, huyo ana UTI ya chini. Ya chini inatibiwa na kusahaulika. Ulaya wameonyesha pia kwamba protini ya damu iitwayo prokalsitonini, ikifika nanogramu 0.5 kwa mililita au zaidi, huongeza uwezekano wa kukuta daraja la juu. Kwetu kipimo hicho ni adimu, nakitaja ili anayekipata akitumie.

Cha tatu ni altrasaundi, na hapa watu hudanganyika kwa pande zote mbili. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, lakini mkojo unaorudi nyuma unaweza kunyesha chini ya anga jeupe. Altrasaundi inaona umbo la figo, haioni mkojo ukipanda. Ikiwa mkojo unarudi kidogo, au unarudi wakati wa kukojoa tu, siku ya altrasaundi kila kitu kitaonekana shwari. Nakumbuka mtoto wa kike wa miezi minane hivi, UTI ya pili yenye homa, altrasaundi nzuri kabisa, na baba yake alikuwa amekasirika kwamba wameletwa hadi kwetu wakati "picha imeshasema yuko salama." Daktari wake hakutaka kusikia, kwa sababu mkojo uliooteshwa ulikuwa na Klebsiella. Tulipojaza kibofu mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, alipoanza kukojoa, dawa ikapanda upande wa kushoto hadi juu. Daraja la 4. Baba akanyamaza, akauliza kama kuna chai kantini.

Na kinyume chake kipo: figo imetanuka kidogo kwenye altrasaundi, familia nzima haijalala, sisi tunapiga picha na mkojo unashuka kama kawaida. Kutanuka kidogo kwa chemba za figo kunaweza kutokana na kibofu kilichojaa tu, ndiyo maana mpimaji mzuri huangalia tena mtoto akishakojoa. Ninachokiheshimu kwenye altrasaundi ni mrija uliotanuka, ukuta wa kibofu ulionenepa, na figo moja iliyo ndogo kuliko mwenzake. Ukiona kimojawapo, acha kubishana, leta mtoto.

Mwaka 2014 watafiti walikusanya taarifa za watoto 1,280 kutoka tafiti mbalimbali, wakatazama ni nani aliyeishia kupata kovu kwenye figo baada ya UTI ya kwanza. Walikuwa kama 15 kwa kila 100. Walipotafuta viashiria vya mapema, vitatu vikasimama: homa ya nyuzi 39 au zaidi, bakteria asiye E. coli, na altrasaundi yenye kasoro. Wenye viwili au zaidi kati ya hivyo walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya wengine. Niliposoma hayo nilifurahi kwa sababu ya ubinafsi kidogo, ni vitu vilevile nilivyokuwa nikivisoma kwenye karatasi za rufaa. Na vyote vitatu vinapatikana hospitali ya wilaya. Kipimajoto, maabara inayootesha, na mashine ya altrasaundi.

Damu ya familia nayo inasema. Ndugu wa mtoto ambaye mkojo wake unarudi ana nafasi ya karibu moja kati ya nne kuwa na tatizo hilohilo, na mtoto wa mzazi aliyekuwa nalo ni kama moja kati ya tatu. Shida ni kwamba wazazi wetu wengi hawajui walichougua utotoni. Mama anakumbuka tu kwamba "nilikuwa nachomwa sindano sana, halafu ikaisha." Bibi ndiye wa kuulizwa. Ninapoona bibi amekuja na mtoto, namwamkia vizuri kabisa, maana najua hapo pana faili.

Ndivyo tulivyompata yule mvulana. Alikuwa na miezi michache, ameletwa kwa UTI yenye homa, na karatasi iliandikwa yale mambo mawili ya kawaida. Nilimuuliza bibi yake, baada ya shikamoo na habari za safari, mtoto anakojoaje. Akasema, "Mjukuu wangu hakojoi kama wanaume. Anajikamua, unadondoka matone, hakuna mshale." Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Vituo viwili vya afya vimempima mtoto mkojo, damu, hata choo, na hakuna aliyemtazama akikojoa. Niliondoka chumbani nikaenda kumwita daktari bingwa aje asimame pale wakati wa picha. Mkojo ulikuwa unarudi pande zote mbili, ndiyo, lakini hilo lilikuwa tokeo. Chanzo kilikuwa chini: njia ya mkojo ilikuwa imepanuka nyuma na kuwa nyembamba ghafla mbele. Ni utando ambao baadhi ya wavulana huzaliwa nao unaozuia mkojo kutoka, na ukiachwa unaua figo zote mbili taratibu huku watu wanatibu UTI. Alipelekwa kwa wapasuaji wa watoto wiki hiyohiyo.

Tangu zamani nilijua kitabuni kwamba mvulana mwenye mkojo dhaifu apigwe picha bila kusubiri. Tangu siku ile huwa nasema kwa sauti kwa yeyote anayenisikiliza, wauguzi, wanafunzi wanaokuja mafunzoni, hata dereva wa gari la wagonjwa: mvulana akizaliwa, mtazame akikojoa. Mkojo uende kwa mshale. Akijikamua, akidondosha matone, tumbo la chini likiwa limejaa muda wote, hiyo siyo ya kungoja UTI ya pili wala ya tatu.

Wavulana wasiotahiriwa, nikiwa bado hapo, hupata UTI zaidi katika mwaka wa kwanza. Huko pwani wengi hutahiriwa wakiwa wadogo, kwingine husubiri jando. Tohara inapunguza maambukizi, haizuii mkojo kurudi.

Upande wa wasichana wakubwa kidogo kuna jambo lisilo na heshima ya kutajwa kwenye karatasi za rufaa: choo. Mtoto wa miaka mitano au sita anaanza shule, choo cha shule kinanuka au hakina mlango, anajibana tangu asubuhi hadi arudi nyumbani. Haja kubwa pia anaibana, inakauka, anakaa siku nne. Utumbo uliojaa unakandamiza kibofu, kibofu kinajifunza kutokujitoa chote, mkojo unabaki, bakteria wanapata makazi. Watoto wa namna hii hurudiwa na UTI hata kama mkojo wao haurudi nyuma kabisa, na ukirudi, kujibana huko kunafanya uchelewe kupona. Nimewaona wakiletwa kwa picha, picha ikatoka safi, na mama akaondoka amekata tamaa kwamba "hawajaona ugonjwa." Ugonjwa ulikuwa unaonekana tumboni kwenye picha ileile. Kinyesi kimejaa hadi juu, sisi tunaripoti kibofu. Siku hizi daktari wetu wa radiolojia anakiandika kwenye ripoti, na kliniki inaanza na maji, mapapai, na kumkalisha mtoto chooni baada ya kula kabla ya kumfikiria tena kwa mpira.

Kwa nini basi zamani tulikuwa tunapiga picha kila mtu? Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa dunia nzima. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 1999 ulitaka wenye miezi miwili hadi 24 wapigwe picha baada ya UTI ya kwanza yenye homa. Waingereza walibadilisha mwaka 2007, wakasema picha iwe kwa wenye dalili zisizo za kawaida au wanaorudiwa, hasa wachanga chini ya miezi sita. Mwaka 2011 Wamarekani nao wakasema altrasaundi kwanza, na picha ya mpira ikiwa altrasaundi ina kasoro au homa ya UTI imerudi. Kilichowasukuma ni kwamba kugundua daraja dogo hakukuwa kunabadilisha mengi.

Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2014, watoto 607 ambao mkojo wao unarudi, nusu wakapewa dozi ndogo ya antibayotiki ya kotrimoksazoli kila siku kwa miaka miwili, nusu wakapewa dawa bandia. Maambukizi ya kurudia yalipungua karibu nusu kwa waliopewa dawa. Makovu kwenye figo hayakupungua: asilimia 11.9 kwa wenye dawa, 10.2 kwa wasio nayo. Na kati ya waliopata UTI tena ya E. coli, bakteria wasiosikia dawa hiyo walikuwa asilimia 63 kwa upande wa dawa na 19 kwa upande mwingine. Kwetu, ambako kotrimoksazoli inauzwa duka la dawa kwa yeyote anayenyoosha mkono na pesa, nadhani hali haiwezi kuwa nafuu kuliko hiyo. Daktari wetu wa watoto bado huwapa baadhi ya watoto dozi ya kila siku, wenye madaraja ya juu na wanaorudiwa, wala simlaumu. Ila hampi kila mtu tena.

Kinachozuia kovu kwa uhakika zaidi ni kuwahi. Matibabu yakichelewa zaidi ya siku mbili tangu homa ianze, hatari ya figo kubaki na kovu inaongezeka. Hapo picha yangu haina msaada wowote. Mtoto ambaye mama yake anajua kwamba homa isiyo na kikohozi wala mafua wala kuhara inatakiwa kupimwa mkojo siku hiyohiyo, mkojo uliodakwa vizuri, amelindwa kuliko mtoto niliyempiga picha maridadi miezi mitatu baada ya ugonjwa. Kuna pia kipimo cha DMSA, kinachoonyesha kovu lenyewe kwenye figo, na wapo madaktari duniani wanaopenda kuanza nacho: figo ikiwa nzima, mpira hauhitajiki. Kinahitaji idara ya tiba ya nyuklia, kitu ambacho hospitali zetu nyingi hazina.

Yule msichana wa Klebsiella anaendelea na kliniki. Juzi mama yake alikuja kwangu, safari hii si kwa ajili yake. Alikuwa amejifungua tena, wa kiume, wiki chache tu, na alikuwa amesikia mahali kwamba ndugu hurithi. Alitaka nimpige picha mdogo mtu huyo "nimalize kabisa wasiwasi." Hana homa, ananyonya, ameongezeka uzito.

Nilimwambia kwamba daktari ndiye mwenye kauli ya mwisho, lakini mimi nisingemwekea mpira mtoto mzima. Aende apigwe altrasaundi, akishakojoa aangaliwe tena. Amtazame anavyokojoa. Homa yoyote mwaka huu wa kwanza, mkojo udakwe kabla ya dozi, uoteshwe, na jina la bakteria liandikwe kwenye daftari. Akaniuliza kuhusu mkojo wa mshale, nikamweleza. Akacheka, akasema kuhusu hilo hana wasiwasi, mtoto ameshamlowesha baba yake mara nyingi. Daktari alimwandikia altrasaundi ya wiki inayofuata.